Kikombe Ambacho Hakukitema

"Tusiingie hapo," Fundi alisema, akimvuta mchumba wake mkono kuelekea ng'ambo ya barabara. "Foleni yote hiyo? Tutafika dukani gauni limeshachukuliwa."

"Gauni halina miguu. Kahawa kwanza."

"Si tumeshakunywa mahali pawili?"

"Tumeonja. Ya kwanza majivu. Ya pili wamechora ua zuri juu ya maziwa, chini yake maji ya kuoshea vyombo."

Kazini kwao mwanamke huyu wanamwita Ulimi. Ni mwonjaji kwenye ghala la kahawa: anavuta funda kwa kelele, analizungusha mdomoni, anatema kwenye ndoo, kisha anataja kasoro. Nzuri anatema, mbaya anatema. Akifika mji mgeni hahangaiki na mabango wala picha za mtandaoni. Anamuuliza anayemhudumia swali moja tu: "Wewe ukitoka kazini, unakunywa wapi?" Asubuhi hiyo kila aliyemuuliza alimwelekeza kwenye mlango huu mwekundu, nyuma ya duka la vitambaa.

Fundi ni fundi wa lifti, na kazi humleta mjini humu kila mara. Ajabu ni kwamba mkahawa huu hakuwahi kuutaja.

Wakaingia. Ulimi akaagiza nyeusi, bila sukari. Akavuta funda mpaka watu wa meza ya jirani wakageuka. Halafu akakiweka kikombe chini.

"Fundi."

"Naam, mpenzi."

"Hii ni kahawa yako."

"Kahawa zinafanana bwana."

"Kamwambie hivyo mtu mwingine."

Njia ya mwongo ni fupi. Mwenye mkahawa, mama wa makamo aliyevaa aproni, alichungulia kutoka jikoni na uso ukamkunjuka.

"Fundi! Nikufungie mfuko wako wa kawaida? Nimekaanga leo leo."

Fundi akainamisha kichwa. Tangu waanze kupendana alikuwa akimletea Ulimi kahawa kwenye mfuko wa kaki, na kila mara neno lilikuwa lile lile: nimeikaanga mwenyewe, kwenye kikaango cha mama. Kahawa hiyo ndiyo iliyomfanya Ulimi akubali kuolewa. Alimwambia hata mama yake: "Mwanamume anayekaanga hivi ana subira. Hatanisumbua."

Ulimi akachukua simu, akamwandikia dada yake: "Mwambie mama asigawe kadi za harusi kwanza."

Jibu likaja papo hapo: "Kuna nini tena?"

Akaifunika simu mezani.

"Ulikuwa unanunua hapa."

"Ndiyo."

"Zote?"

"Karibu zote." Kisha Fundi akaongeza: "Siku ya kwanza nyumbani kwetu, kaka alikupa kahawa aliyoipika mwenyewe. Ukaitema kwenye sinki mbele yake, ukamwambia ina ukungu."

"Ilikuwa na ukungu."

"Najua. Nikaogopa kwamba mimi nitafuata."

"Kwa hiyo ukanidanganya mpaka mama yangu akakusifia subira. Sikiliza, Fundi. Kutwa nzima kazi yangu ni kutafuta kasoro. Nikirudi nyumbani sitaki kumwonja mume wangu nijue leo amesema kweli au la."

Mwenye mkahawa alikuwa bado amesimama pale na mfuko mkononi, aibu imemshika kana kwamba kosa ni lake.

"Umesema karibu zote," Ulimi alisema. "Ipi haikutoka hapa?"

"Ile ya wakati wa mvua. Iliyokuwa na moshi."

"Uliniambia ulisinzia jikoni."

"Sikusinzia. Nilikaanga kwa akili zangu zote. Ndiyo niliyoiweza."

Ulimi aliikumbuka vizuri. Kazini mfuko ule ungerudishwa kwa mwenyewe bila majadiliano. Nyumbani kwa Fundi alikunywa mpaka tone la mwisho, akaomba nyingine.

"Mbona uliimaliza?" Fundi akauliza kwa sauti ya chini.

"Ulikuwa unaniangalia mdomo kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani."

Akainuka, akamgeukia mwenye mkahawa.

"Mama, una kahawa mbichi na kikaango? Naomba huyu akaange. Hapa, nikimwona."

"Huyu?" mama akacheka. "Ataniunguzia jiko."

Na kweli kidogo aliunguze. Kikaango kilitoa moshi, wateja wakahamia karibu na dirisha, Fundi akatokwa na jasho. Nusu ya punje zilikuwa nyeusi tii, nusu bado zina rangi ya majani makavu. Mama akazisaga hivyo hivyo, akachemsha, akamsogezea Ulimi kikombe na kumwonyesha sinki lilipo.

Ulimi akavuta funda. Akalizungusha mdomoni. Fundi aliyakodolea macho yale mashavu.

Akameza.

"Mbaya," alisema. "Mbaya kabisa."

"Najua."

"Usiniletee tena ya mtu mwingine ukasema ni yako."

"Sitaleta."

Akanywa mpaka mwisho, uso umekunjamana, kisha akachukua simu na kumwandikia dada yake: "Kadi zigawiwe. Ila mwambie mama nilikosea, Fundi hajui kukaanga kahawa."