Chupa Tatu za Chiriku

Jumamosi asubuhi nyumba ya fundi cherehani huamka na kelele. Cherehani inanguruma sebuleni, maji yanamwagika bafuni, redio inajisemea peke yake. Fundi huyu hushona sare za shule. Mkewe naye ni fundi, lakini fundi simu. Meza yake iko dirishani, na juu yake pana taa, kibano na bisibisi nyembamba kama sindano. Wana binti mmoja wa miaka tisa. Walimpa jina la utani, Chiriku, kwa sababu tangu alipojua kusema hajajua kunyamaza.

Lakini mwaka ule Chiriku alipunguza maneno. Kwanza macho yake yalianza kupepesa ovyo. Kisha bega la kulia likawa linaruka juu, kama la mtu aliyeulizwa jambo asilolijua. Baadaye akawa anavuta hewa puani, fyu, fyu, na mafua hana.

"Acha hiyo tabia," baba yake alimwambia kila mara.

"Naacha, baba."

Akaacha kidogo. Halafu bega likaruka mara tano mfululizo. Fundi aliona anafanyiwa ukaidi, naye akazidi kugomba.

Mkewe hakugomba. Alitafuta. Kila alipopata nafasi alisoma kwenye simu yake. Mama mmoja mtandaoni aliandika kwamba mwanawe alipona kwa vidonge vya madini ya magnesi. Mwingine alisifia mafuta ya samaki. Mteja mmoja akamletea chupa ya vitamini "za ubongo", akaapa kwamba ni kiboko. Muda si muda chupa tatu zilikuwa zimejipanga juu ya friji, na Chiriku alikuwa akimeza kutoka zote tatu kila asubuhi.

Wiki ya kwanza macho yalitulia. Mama alifurahi mpaka akaimba. Wiki ya tatu bega lilirudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na tumbo likachafuka. Jumamosi ya wiki hiyo, kabla ya saa sita mchana, Chiriku alikuwa ameshakimbilia chooni mara nne. Alikaa ukingoni mwa kitanda, ameshika tumbo.

"Mama," alisema taratibu, "hizi dawa zinanifanya nini?"

Mama aliinuka. Akaenda jikoni, akazitia chupa zote tatu kwenye mfuko.

"Baba Chiriku, vaa viatu. Twende kwa jirani wa juu."

Jirani wa juu alikuwa mfamasia, mtaalamu wa dawa katika hospitali ya wilaya.

"Utamwambia nini?" fundi aliuliza.

"Ukweli. Nimempa mtoto vitu nisivyovijua."

Fundi alimtazama mkewe. Yeye mwenyewe angezitupa chupa zile kimyakimya na kusingizia chakula. Mkewe alishika mfuko mkono mmoja, mtoto mkono wa pili, akapanda ngazi kichwa juu.

Mfamasia alikuwa anapiga pasi koti lake jeupe. Alizima pasi, akamketisha Chiriku karibu naye, akamsikiliza mama akieleza yote: macho, bega, chupa, tumbo. Aliuliza mambo ya mtoto kwanza. Anatapika? Anakunywa maji? Analegea? Mikono au miguu inakufa ganzi?

"Hapana," Chiriku alijibu. "Tumbo tu."

"Vizuri. Kuanzia leo, hizi zote tatu mziache. Anywe maji, kidogo kidogo, mara nyingi. Akilegea au akianza kutapika, msingoje, mpelekeni hospitali hapohapo. Hata akipata nafuu, Jumatatu lazima aonwe na daktari wa watoto."

Ndipo akavaa miwani, akageuza chupa na kusoma nyuma, kwenye maandishi madogo ambayo hakuna mtu anayeyasoma.

"Hii ni magnesi. Ikizidi, huharisha. Na hii ya ubongo, tazama hapa, nayo ina magnesi ndani. Ulikuwa unampa mara mbili bila kujua. Zote mbili zina vitamini B6 pia. Nayo ikizidi kwa muda mrefu inaweza kudhuru mishipa ya fahamu."

"Lakini imeandikwa ni ya asili," mama alisema.

"Dada yangu, hata uyoga wa sumu ni wa asili."

Mama alicheka bila kupenda. Kisha akauliza lililokuwa likimkaa moyoni. "Sasa mbona wiki ya kwanza macho yalitulia?"

"Hali hii madaktari huiita tiki."

"Kama ile tiki ya mwalimu kwenye daftari?" Chiriku aliuliza.

"Majina yamefanana tu. Hii yako ni mwili kujitikisa au kutoa sauti wenyewe, bila wewe kuuagiza. Si tabia mbaya. Haiambukizi. Na ina mtindo wake: wiki hii inapanda, wiki ijayo inashuka, yenyewe tu. Ikishuka siku mliyotoa kidonge, kidonge kinapata sifa ya bure."

Mama alitikisa kichwa.

"Simu ikiharibika, mimi sibadilishi vifaa vitatu kwa mpigo. Nitajuaje kilichokuwa kibovu ni kipi? Mwanangu nimemfanyia kazi ambayo mteja nisingemfanyia."

Fundi alimsikia mkewe akijisema hivyo mbele ya watu, wala sauti haikutetemeka. Moyoni alimvulia kofia.

"Umeeleza vizuri kunishinda," mfamasia alisema. "Watafiti wamejaribu baadhi ya virutubisho hivi kwa watoto wenye tiki. Majaribio mengi ni madogo, na majibu hayajatosha kumwambia mzazi, kanunue. Daktari akipima damu akakuta kuna upungufu, atampa cha kujaza upungufu huo, kwa kipimo cha mtoto. Madini ya chuma hasa, msibahatishe kabisa. Yakizidi ni sumu. Na dawa yoyote, hata vitamini, ikae mahali asipofika mtoto." Akavua miwani. "Je, katika familia kuna mtu aliyewahi kuwa na hali kama hii?"

"Hakuna," mama alijibu.

Fundi alikuwa anatazama sakafu.

"Mimi," alisema.

Wote walimgeukia.

"Nilipokuwa kama yeye nilikuwa nakoroma kooni. Darasani wakaniita Chura. Mzee wangu alinichapa ili niache. Sikuacha. Nilijificha tu. Ikaja ikaisha yenyewe nilipokuwa kijana." Alimgeukia binti yake. "Mwanangu, nimekugombeza kwa jambo usilolifanya kwa kusudi. Nisamehe."

Chiriku alimtazama baba yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Chura alikuwa analia vipi?" aliuliza.

Fundi akakoroma. Mtoto akacheka mpaka akashika tena tumbo.

Jumatatu walikwenda wote watatu. Tumbo lilikuwa limetulia. Daktari wa watoto alimpima Chiriku, akachukua damu. Majibu yalikuja: hakuna upungufu. Basi hapakuwa na kidonge cha kununua. Daktari alisema watoto wengi hupungukiwa na tiki wanapokua, na akampeleka Chiriku kwa mtaalamu wa mazoezi ya kudhibiti tiki. Huko alijifunza kuitambua ile hali ya kuwashwa inayokuja kabla bega halijaruka, kisha kulishusha bega taratibu na kuhesabu hadi ipite. Nyumbani alilala mapema. Baba aliacha kusema "acha". Mama alikwenda shuleni na kuzungumza na mwalimu, ana kwa ana. Mwalimu akamruhusu Chiriku kutoka nje dakika chache anapoona mwili umechoka.

Tiki hazikuisha. Zilipungua, zikarudi wakati wa mitihani, zikapungua tena. Safari hii hakuna aliyekimbilia mtandaoni.

Siku moja mteja alikuja kupimwa suruali. Chiriku alikuwa anapanga vifungo kwa rangi zake, na macho yakaanza kupepesa.

"Fundi, mtoto wako ananikonyeza," mteja alisema.

Zamani fundi angefoka. Sasa aliinua kichwa ili amjibu, lakini binti yake alimtangulia.

"Sikukonyezi, mjomba. Ni tiki. Macho yanajifanyia yenyewe, hayaambukizi, na yakichoka yataacha. Simama wima sasa, baba akupime, la sivyo suruali itakuwa na mguu mmoja mfupi."

Mteja alisimama wima. Mama, pale dirishani, hakuinua macho kwenye simu aliyokuwa anaitengeneza, lakini fundi aliona akitabasamu. Akachukua futi yake, akaanza kupima.