Mstari wa Tatu Mlangoni

Likizo ndefu ilikuwa imebakiza siku sita, na kama ilivyokuwa kawaida yake kila mwaka, Mama Kifungo aliwaita wanawe wawili kwenye mlango wa chumba cha kushonea ili awapime. Nyumba nyingine huweka picha za watoto ukutani. Yake iliweka mistari ya penseli kwenye mwimo wa mlango, na sare za shule zilikatwa kwa kuifuata.

Alianza kaka mtu, waliyemwita Mlingoti kwa sababu ambayo kila mwenye macho aliiona. Akafuata mdogo wake wa miaka saba. Huyu alimeza kifungo cha shati akiwa na miaka miwili, wazazi wakakisubiri siku tatu na kisitoke, na jina likamganda.

"Shusha visigino," mama alimwambia. "Utepe hausemi uongo."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Waongo ni watu."

Akachora mstari juu ya kichwa cha binti yake. Ndipo alipoona mwingine, chini ya huo kwa kama shubiri moja, mpya kabisa, penseli bado inang'aa.

"Nani kachora huu?"

Mlingoti akatazama dirishani. Kifungo akajibu bila wasiwasi, "Naye alitaka kupimwa."

Mama akacheka. Watoto na michezo yao! Akaufuta kwa kidole kilicholowa mate, lakini haukufutika, na kwa kuwa alikuwa na sare arobaini za watoto wa watu zinazomsubiri, aliuacha akarudi kwenye cherehani.

Kesho yake jioni alihesabu sare za nyumbani akapata tatu. Shati na kaptula ya Mlingoti, gauni la Kifungo, na gauni lingine dogo. Katika daftari lake la vipimo, kwa mwandiko wake mwenyewe, palikuwa na kifua, kiuno na urefu vya mtoto asiye na jina. Alijua vizuri namna anavyomkatia Kifungo: bega la kulia la binti huyo lilikuwa chini ya la kushoto kwa nusu kidole tangu kuzaliwa, jambo ambalo hakuna aliyelijua ila mama na mkasi wake. Gauni hili la tatu lilikatwa hivyohivyo, ila kinyume. Bega la chini lilikuwa la kushoto.

Kilichomsumbua zaidi kilikuwa mfukoni. Ndani ya mfuko wa kifuani, kwenye sare za wanawe tu, alizoea kuficha mishono mitatu ya uzi mwekundu. Ilikuwa dua yake ya kifundi, wala hakuwahi kumwambia mtu. Aligeuza mfuko wa gauni dogo akaikuta mishono hiyo, mitatu, mizuri, ya mkono wake.

"Umeshona la tatu?" mumewe aliuliza. Alikuwa fundi wa majokofu, na wiki hizo za joto alirudi nyumbani akiwa hoi, lakini utani haukumwisha. "Mama Kifungo, una habari ya kunipa?"

"Habari ni kwamba nazeeka," alisema, akalitundika gauni ukutani.

Siku ya tatu, mchana, joto lilipowalaza wote, alisikia cherehani ikiendeshwa. Taratibu. Tak. Tak-tak. Kama mtu anayejifunza kukanyaga pedali. Alipofika mlangoni chumba kilikuwa kitupu, pedali ikiwa bado inacheza, na kiti chake kilikuwa kimelowa. Hewa ilinuka maji yaliyotuama, ukoga na chuma kilichoshika kutu. Gauni dogo lilikuwa palepale ukutani, lakini halikuning'inia kama nguo inavyoning'inia. Lilikuwa limejaa kifuani, na kile kifua kilipanda na kushuka.

Alirudi nyuma mpaka akagonga ukuta wa ukumbini. Alipopata ujasiri wa kuchungulia tena, lilikuwa gauni tu, pindo likichuruzika maji.

Jioni alimvalisha Kifungo sare yake kuijaribu. Ilikatwa ifike magotini. Sasa ilishuka vidole kadhaa chini ya magoti. Akamsimamisha mlangoni, akampima mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mtoto alikuwa amepungua vidole vinne. Mstari ule wa chini ulikuwa umepanda vidole vinne.

Mama Kifungo aliogopa. Akaketi sakafuni na utepe shingoni.

"Mlingoti," alinong'ona, "njoo hapa. Nimeshakusamehe, sema tu."

Kijana akaanza kulia kabla hajasema. "Tulikwenda kwenye shimo la machimbo, Mama. Ulitukataza, tukaenda. Tulikuwa tunaruka majini kwa zamu, mimi na Kifungo, mimi na Kifungo. Halafu zamu yangu ikawa inachelewa. Kulikuwa na mwingine anayeruka katikati yetu. Mimi sikumwona, nilisikia maji tu. Kifungo alimwona. Akamwambia, 'Twende kwetu, mama atakushonea sare.'"

Baba hakutania tena. Alimpigia simu shangazi yake, na asubuhi yake bibi huyo akafika na mkoba mmoja na manukato makali ya ubani. Alikuwa mkunga mstaafu. Kwa miaka arobaini alipokea watoto, na mara mbili, kama alivyopenda kusema, alipokea visivyokuwa watoto. Alinusa kiti cha cherehani, akatazama mlango, akauliza swali moja.

"Ulimshonea?"

"Nilimshonea, Shangazi. Sikujua."

"Hakuna anayejua. Jini mchanga hana kiwiliwili, mwanangu, anaazima. Ukimpima umemtambua. Ukimshonea umemkaribisha. Sasa analijaza gauni lake kwa mwili wa mwanao."

"Nifanyeje?"

"Aliyeshona ndiye afumue. Kwa sindano, mshono mmoja mmoja, bila mkasi. Ukikaribia mwisho watasimama wawili mbele yako. Usimguse yeyote mpaka mshono wa mwisho kabisa utoke, maana hapo ndipo urefu utarudi kwa mwenyewe. Ukishamaliza, mshike wako, mwingine mtoe nje ufunge. Akigonga usifungue, hata akilia kwa sauti ya marehemu mama yako."

Kazi hiyo ilifaa kufanywa saa sita mchana, na maandalizi ya Shangazi yalichukua siku mbili. Kufikia siku ya mwisho ya likizo, Kifungo alikuwa na kimo cha mtoto wa miaka mitatu. Alilala kwenye benchi ndani ya blauzi yake ya zamani, akiuliza kwa nini meza imekuwa ndefu. Baba na Mlingoti walitolewa uani. Shangazi alikaa kona akiugeukia ukuta, kwa kuwa aliyeshona peke yake ndiye aliyeruhusiwa kutazama.

Mama Kifungo alianza na pindo, akaja mshipi, akaja mikono, na kila uzi uliotoka ulitoka umelowa, na sakafu ikaanza kulowa, na ile harufu ya ukoga ikapanda kutoka miguuni mpaka kooni, naye hakuthubutu kukohoa wala kuinua macho, kwa sababu alisikia nyayo ndogo zikimzunguka, tepe-tepe, zikisimama nyuma ya kiti, na mwenye nyayo akimpumulia kisogoni pumzi baridi, na sindano ikamchoma kidole, damu ikadondokea kola, naye akaendelea, akatoa kola, akakwanyua mfuko ukabanduka mzima na kumponyoka, akarukia bega la kulia, akarukia la kushoto, mpaka mezani pakabaki vipande vya kitambaa tu.

"Mama," sauti mbili zikaita kwa pamoja.

Waliegemea mwimo wa mlango, uso mmoja, blauzi moja. Mmoja alikuwa mrefu. Mwingine alikuwa mfupi, akinyoosha mikono abebwe.

"Umemaliza?" Shangazi aliuliza kutoka kona. "Hakuna uliobaki?"

Alitazama meza. Juu yake hapakuwa na mshono hata mmoja. "Nimemaliza."

Basi urefu ulikuwa umerudi kwa mwenyewe. Alichukua utepe, akaupeleka kwa yule mrefu, na kichwa chake kikafika sawasawa kwenye mstari aliouchora kwa penseli siku sita zilizopita. Hakuzidi, hakupungua. Utepe hausemi uongo! Akamkumbatia kwa kilio cha furaha, akamwona ni wa baridi, akasema moyoni kwamba ni hofu. Yule mfupi alimng'ang'ania sketi. Viganja vyake vilikuwa vya moto. Mama Kifungo akavibandua kidole kimoja kimoja, akambeba kwa mikono iliyonyooshwa kama mtu anayebeba sufuria inayochemka, akamweka nje ya mlango wa mbele, akafunga kwa ufunguo.

Usiku ule hakuna aliyegonga. Shangazi alikunywa chai akaenda zake, baba akacheka tena, na nyumba ikalala usingizi mzito.

Asubuhi shule zilifunguliwa. Mlingoti alitangulia na baba yake, na mama akabaki akimvalisha binti. Urefu wa gauni ulikaa barabara, magotini. Lakini kola ilivutika upande. Akaivuta, ikarudi. Akafungua vifungo, akafunga upya, akidhani amekosea kukata, yeye ambaye hakuwahi kukosea. Akaweka viganja juu ya mabega ya mtoto.

Bega la kushoto lilikuwa chini.

Alipiga magoti ayapime upya mabega yale, na pale chini ya meza akauona ule mfuko ulioponyoka. Ulikuwa umelala kifudifudi. Aliugeuza. Mishono mitatu, myekundu, haijaguswa.

Mlango ukagongwa.

Uligongwa chini, usawa wa goti. "Mama," sauti ikasema nje, nyembamba, imechoka. "Nimerudi. Ni mimi, Kifungo."

Aliunyanyua mfuko, akatafuta sindano kwa kupapasa kwenye meza. Mkono mdogo wa baridi ukamnyang'anya mfuko ule taratibu, bila hasira. Binti aliyevaa sare akautia mdomoni, akatafuna kidogo, akameza.

"Usifungue," alisema, akijipangusa midomo. "Utepe hausemi uongo, Mama."

Hodi zikaendelea. Zilishuka kutoka usawa wa goti mpaka kwenye muundi, kutoka muundini mpaka kizingitini, ndogo, ndogo zaidi, kama kucha za panya, na ile sauti ikawa haina tena maneno. Mama Kifungo alitambaa mpaka mlangoni. Ufunguo ulimponyoka mara mbili. Mara ya tatu ukazunguka.

Nje palikuwa na jua la asubuhi na watoto wa majirani wakipita na mabegi yao. Kwenye kizingiti ilikuwepo blauzi ya zamani, imeanguka ikakunjamana. Aliinyanyua, na kitu kikadondoka kutoka ndani yake kikabingirika mpaka kwenye kiganja chake.

Kilikuwa kifungo cha shati, cheupe, cha matundu manne, na kilikuwa bado cha moto.

Nyuma yake nyayo zilikuja, tepe-tepe, na vidole baridi vikaingia katika mkono wake mwingine.

"Twende, Mama," mtoto alisema. "Tutachelewa."