Kidonge cha Jukwaani

Mdomo huponza kichwa, wamezoea kusema watu. Kwa kina MacEachern wa Mabou, kijiji cha Kanada, Jumanne moja ya Julai, mdomo uliofungwa ndio uliotaka kuponza kichwa, tena kichwa chenyewe kikiwa kimeegemea kiti cha daktari wa meno.

Asubuhi ilianza kama zote za nyumba ile. Mama alikoroga uji wa shayiri. Effie, mwenye miaka kumi na miwili, aligongagonga visigino sakafuni, akifanyia mazoezi ngoma atakayoicheza kwenye tamasha la Jumamosi ya wiki ijayo. Kilichokosekana ni sauti ya fidla. Dada yake Marsali, wa miaka kumi na minane, alikuwa hajaigusa wiki nzima. Gego lake la mwisho, la chini kushoto, lilikuwa limekwama ndani ya ufizi, na ni kwenye taya hiyohiyo ndipo fidla hukaa.

"Leo linang'oka!" Effie aliimba. "Linang'oka, halafu Jumamosi ijayo tunawatoa watu jasho!"

"Kula uji wako, kelele wewe," Marsali alisema, kiganja shavuni.

Effie alipopanda juu kuchukua viatu, alimkuta dada yake mbele ya kioo akimeza kidonge.

"Hicho nini?"

"Cha jukwaani. Kanipa Lachlan wa bendi. Wapigaji wengi humeza, mikono isitetemeke, moyo usidunde. Mimi sindano naiogopa, basi nimekimeza."

"Mama anajua?"

"Na hatajua. Daktari akisikia ataahirisha, tamasha linipite. Ukifungua mdomo, tafuta mpigaji mwingine. Umenisikia?"

Effie alisikia. Hakukuwa na mtu mwingine aliyezijua hatua zake, pale pa kuharakisha na pale pa kumngojea. Bila fidla ya Marsali, angesimama jukwaani kama mti.

Kliniki walipewa fomu. Pale palipouliza *Unatumia dawa gani?* Marsali aliandika: *Hakuna.* Effie aliliona neno hilo, akaangalia pembeni.

Chumbani, muuguzi Rhona alimfunga Marsali kipimo cha presha mkononi. Mama na Effie waliruhusiwa kukaa ukutani.

"Mapigo hamsini na mawili," Rhona alisema. "Taratibu hivyo! Wewe mwanariadha?"

"Nakimbia kidogo."

Effie nusura apaliwe na mate. Marsali hakuwa amekimbia tangu siku alipofukuzwa na bata wa jirani.

Daktari Gillis aliingia akiguna wimbo, bomba la sindano mkononi. Effie alipenda sana mambo ya vifaa, akashindwa kujizuia.

"Daktari, humo ndani mna nini?"

"Ganzi, na adrenalini kidogo," alijibu daktari kwa furaha ya mtu aliyeulizwa kitu anachokipenda. "Ganzi inanyamazisha neva. Adrenalini inabana mishipa ya damu, damu isimwagike ovyo na ganzi isikimbie. Kiasi hufika moyoni, moyo ukadunda kidogo, kisha ukatulia."

*Moyo usidunde.* Effie aliyakumbuka maneno ya dada yake. Dawa moja inauambia moyo dunda, nyingine inauambia usidunde. Je, zikikutana? Alimtazama Marsali. Macho ya Marsali yalisema: thubutu! Daktari aliinama. Ncha ya sindano ilikuwa imeshavuka meno.

"Subiri!" Effie aliruka. "Kameza kidonge! Cha Lachlan! Cha moyo usidunde!"

Sindano ilirudi nyuma. Mama alisimama.

"Mwongo!" Marsali alifoka.

"Kinaitwaje?" daktari aliuliza polepole. "Propranolol?"

Marsali aliinamisha kichwa kukubali, uso umemwiva.

Daktari aliliweka bomba mezani. "Basi sikia, binti. Kidonge hicho kinaziba mlango mmoja wa adrenalini. Ikiukuta umefungwa, nguvu yake yote inabaki kwenye kubana mishipa. Presha inaweza kupanda ghafla, na moyo ukapungua kasi badala ya kuongeza. Wengi hawapatwi. Wachache hupatwa vibaya. Sitaki kujua uko kundi lipi nikiwa nimeshaufungua ufizi wako."

"Kwa hiyo unaahirisha?" Marsali aliuliza, machozi yakimlenga.

"Hapana. Nisingejua, ningeweza kukudhuru. Sasa najua. Ipo ganzi isiyo na adrenalini. Damu itatoka zaidi na ganzi itaisha mapema, kwa hiyo tutakwenda mbio. Rhona, presha kila dakika tano!"

Loo, zilikuwa dakika gani zile! Rhona alitaja namba, Effie akazirudia kimoyomoyo. Mia na kumi na nane. Mia na ishirini na mbili. Pamba moja ililowa, ya pili, ya tano. Gego liligoma. Daktari alilikata vipande viwili. Ganzi ilipoanza kulegea Marsali alikunja vidole, akaongezewa kidogo. Kisha *kwach!* Kipande cha mwisho kikalia kwenye sahani ya chuma.

"Limetoka!" Effie alipiga makofi peke yake.

"Mapigo sitini, presha nzuri," Rhona alisema.

Daktari alivua glovu. "Marsali, fidla utaipiga, ukitunza kidonda. Lakini dawa aliyoandikiwa mtu mwingine si peremende ya kugawana. Na fomu ile si mtihani wa kutafuta jibu la kumfurahisha mwalimu. Ukimficha daktari, unamfumba macho, kisha unampa kisu. Mwambie kweli, hata ikikuaibisha."

Garini, barafu shavuni na pamba mdomoni, Marsali alimgeukia mdogo wake.

"Umeniaibisha mbele ya watu wote," alisema kwa shida. "Niombe radhi. La sivyo fidla yangu husikii Jumamosi ile."

"Effie," mama alisema kwa upole, "neno moja tu, yaishe."

Effie alifunga mkanda wa kiti, akamtazama dada yake usoni.

"Siombi. Nitacheza kwa makofi ya mama kama ni lazima. Ukificha tena nitasema tena, na siku hiyo pia siombi radhi."