Barafu ya Kuku

Asubuhi hiyo kuku wote arobaini wa Bibi walikuwa wamefungiwa jikoni, wakigombana kama watu kwenye foleni ya maji. Bibi naye hakukalika. Banda la jirani lilikuwa limeingiwa na mdondo, ugonjwa ule unaowapinda kuku shingo na kuzoa banda zima. Kuku sita wa huko walikuwa wamekufa tayari.

"Kiguu-na-njia!" Bibi alimwita mjukuu wake, msichana aliyepewa jina hilo kwa sababu hata akila huzunguka uani. "Chukua chupa ya chai, kimbia kwa bwana mifugo ulete chanjo. Usisimame njiani!"

Bwana mifugo alizika kichupa cha chanjo ndani ya barafu, akakaza kifuniko. "Usifungue, mama. Ikipata joto haina kazi tena."

Jua la siku hiyo, naapa, lilimfanya mjusi atembee kwa zamu: miguu miwili chini, miwili ikipoa. Njiani Kiguu-na-njia akakutana na binamu yake.

"Umebeba nini?"

"Barafu ya kuku."

"Kuku wanakula barafu? Mchoyo we! Lete kipande."

Kipande kimoja, kingine, kingine tena. Walipokuja kushtuka, kichupa kilikuwa kinaelea kwenye maji ya uvuguvugu.

Nyumbani, Bibi alikuwa ameshamkamata tetea wa kwanza na kumfunua jicho, maana chanjo ile ni tone moja tu jichoni. Kiguu-na-njia alisimamia mguu huu, akahamia ule. Akatoka, akarudi. Akinyamaza, nani atajua? Hakuna, mpaka shingo zianze kupinda.

"Bibi, usitie! Tumekula barafu."

"Mmekula nini?"

"Barafu. Yote."

Bibi alimtazama mpaka tetea akachoka kusubiri. "Basi rudi. Ukamwambie hivyohivyo."

Kwa bwana mifugo kilikuwa kimebaki kichupa kimoja. "Ungenyamaza," alisema akikifungia upya, "bibi yako angewatia kuku maji matupu, akalala akijua wamekingwa. Na wakishaugua, chanjo haiwasaidii."

Safari hii alikimbia ameikumbatia chupa. "Lete kipande!" binamu alipiga kelele.

"Kamwombe jogoo!"

Mdondo ulipita mtaa mzima. Kuku wa Bibi walibaki arobaini.

"Chanjo imewaokoa kuku," Bibi alisema akimwaga mtama. "Lakini chanjo yenyewe iliokolewa na ulimi wako, uliosema kweli kwa wakati. Ulimi uleule mlafi wa barafu!"

Kiguu-na-njia alicheka, na kabla Bibi hajamaliza alikuwa ameshafika getini.