Kanzu Iliyobaki Msumarini

Bashayer alinusa kwanza, ndipo akainua kichwa.

"Mumeo keshakwenda zake?" aliuliza.

Ruqaya alikuwa amesimama mbele ya dirisha la ofisi ya kumbukumbu za mahakama, kitambulisho mkononi. Alimtazama yule binti karani bila ya kuelewa.

"Mume gani? Mie nimekuja kuomba nakala ya talaka yangu."

"Najua, da Ruqaya. Si ulikuja juzi nkakupa? Ila leo asubuhi kaja mumeo. Kakaa pale kwenye kiti cha ukutani na kanzu yake nyeupe, ananukia udi mpaka wenzangu wakageuka. Kasema huihitaji tena."

"Uso wake ukoje?"

Bashayer aligeuka, akakitazama kile kiti cha ukutani.

"Wallahi uso siukumbuki," alisema, na sauti ilikuwa imemshuka. "Nakumbuka harufu tu."

Mtu mwingine angepiga ukelele palepale. Ruqaya hakupiga. Tangu Yaqdhan amwache, mwaka wa pili sasa, moyo wake ulikuwa umeshikwa na ganzi, ile ganzi ya mguu uliolaliwa vibaya: upo, unaukanyagia, lakini si wako. Aliandika jina lake na la Yaqdhan, na mwaka wa talaka, akangoja nakala igongwe muhuri, akaitia mkobani. Hata shukrani aliitoa kwa adabu.

Na nakala ile aliihitaji hasa. Hatem, mgane mpole mwenye duka la miwani mtaani Hamriya, alikuwa amemposa, na kadhi hafungi ndoa mpaka aione karatasi yenye muhuri kwamba mwanamke kaachika kweli. Hatem peke yake ndiye aliyeweza kumchekesha, kidogo tu, kicheko cha puani. Ruqaya alikitaka kicheko kile kirudi chote. Hamu nyingine yoyote hakuwa nayo.

Lakini karatasi hazikai. Ile ya asili ilitoweka kabatini. Nakala ya kwanza aliikuta majivu ndani ya chetezo, kipande cha muhuri kikiwa bado kinasomeka. Alijiambia labda ameichoma mwenyewe bila ya kujijua, maana siku hizo alikuwa akifanya mengi bila ya kujijua.

Moja katika hayo mengi ndilo lililomponza. Yaqdhan alipohamia mji wa Qurayyat kwa mke mpya alisahau kanzu moja, ikabaki msumarini chumbani. Na Ruqaya, miaka yote ya ndoa, kila Alhamisi alasiri alikuwa akimfukizia mumewe kanzu ya Ijumaa: mkaa kwenye chetezo, udi juu ya mkaa, kanzu juu ya kichanja cha vijiti. Mume akaondoka, mikono haikupewa habari. Alhamisi ikifika aliitoa kanzu msumarini, akaifukiza, akairudisha. Ijumaa jioni aliikuta na jasho kolani na mikunjo viwikoni. Basi akaifua, akaipiga pasi. Unacheka? Cheka, lakini hukuwa wewe kwenye flati ile ya Darsait, peke yako na friji inayonguruma.

Siku ya pili yake, Ijumaa, dada yake Khawla alimletea sahani ya biriani. Alipita chumbani kuvua baibui, akasimama kizingitini.

"Kanzu ya nani hii?"

"Ya Yaqdhan. Aliisahau."

"Mbona kola mbichi?"

"Huwa hivyo kila Ijumaa. Nnaifua."

Khawla aliiweka sahani sakafuni, polepole. "Huwa hivyo," alinong'ona. "Na wewe unaifua."

"Inachafuka, da Khawla."

Hapo mkono wa kushoto wa kanzu ulijikunja kwenye kiwiko, taratibu, kama wa mtu anayetazama saa, kisha ukajinyoosha tena. Khawla alimshika mdogo wake kifundo cha mkono, akamvuta mpaka ukumbini. Chetezo kilikuwa mezani. Nakala ya jana ilikuwa ndani yake, majivu matupu.

"Leo hulali hapa," alisema Khawla. "Leo hii tunakwenda kwa Bi Sayyida."

Bi Sayyida alikaa Hamriya, juu ya mafundi cherehani, mwanamke mnene asiyependa maneno mengi, aliyejulikana kwa kuwasomea watu wenye majini. Aliiangalia kanzu ndani ya mfuko wa plastiki bila ya kuigusa, akamkalisha Ruqaya mkekani, akamfunika shuka, akaanza kusoma. Chini cherehani zilikuwa zikienda. Bi Sayyida alisoma na kurudia, akasoma na kurudia, na Ruqaya akiwa chini ya shuka alisikia kwanza harufu ya udi ilhali hapana aliyewasha udi, kisha akausikia ulimi wake ukiwa mzito na mpana, ukijaa mdomo mzima, kisha taya zake zikafunguka zenyewe na sauti ya kiume, ya upole, sauti ya mtu aliyekaa kwake, ikatoka kifuani mwake naye akaisikiliza kama anavyosikiliza redio ya jirani, bila ya kuogopa, bila ya kutaka kuizima, na cherehani za chini zikanyamaza zote kwa mara moja.

"Nani wewe?" aliuliza Bi Sayyida.

"Mume."

"Mume wake kamwacha, na mahakama imeandika."

"Yule kaacha. Mimi sikuacha. Kanifukizia nguo, nkavaa. Kaifua. Kaipiga pasi. Mke anafanya nini zaidi ya hayo?"

Khawla, pembeni, alikuwa ameuziba mdomo kwa mtandio, analia.

"Huna haki naye," alisema Bi Sayyida. "Mwache."

"Simwachi."

Bi Sayyida hakubishana. Alirudi kusoma, kwa sauti ya juu sasa, na mwili wa Ruqaya ukaanza kutikisika, kichwa kikagonga mkeka, mpaka ile sauti ikasema kwa uchovu, "Basi, mama, basi. Nimemwacha." Ikaongeza: "Moja."

"Tatu! Sema tatu!"

Lakini ulimi ulikwishakuwa mwembamba, na aliyekuwa chini ya shuka ni Ruqaya mwenyewe, anaomba maji.

Kanzu waliichoma juu ya paa la nyumba, katika beseni la bati, ikanuka nywele. Bi Sayyida alinawa mikono mara nyingi kabla ya kusema.

"Nisikilize vizuri, mwanangu. Kakupa talaka moja, ya rejea. Una eda yake. Ndani ya eda akitaka kukurejea hakuulizi, ataleta mashahidi wawili tu, na kwao watu hawakosi. Ila hawezi kuingia kwako bila ya nguo. Usifukize nguo ya mwanamume nyumbani kwako mpaka hedhi ya tatu ikatike na uoge. Umesikia? Na uoge. Kabla hujaoga, bado wake."

"Nimesikia, Bi Sayyida."

Alikwenda tena kwa Bashayer, akapewa nakala nyingine, na hiyo ilikaa drooni salama. Lakini karatasi ile ilimhusu Yaqdhan, na Yaqdhan hakuwa na neno. Talaka ya yule mwingine haikuwa na faili popote wala dirisha la kuiombea nakala.

"Eda?" alishangaa Hatem kwenye simu. "Si uliimaliza mwaka jana?"

"Nisubiri tu, Hatem. Usiniulize."

"Nakusubiri. Miwani haiozi."

Ruqaya akacheka. Kilimtoka kicheko cha mdomo, akashtuka mwenyewe kukisikia. Tangu siku ile ganzi ikaanza kumtoka. Alilia akikata vitunguu, akaendelea kulia vitunguu vilipokwisha. Aligombana na mwenye nyumba. Aliona chakula chake hakina chumvi, akakitia chumvi. Mwezi ukapita, na mwingine, na damu ya tatu ikaja kwa wakati wake.

Ilikatika siku ya harusi yenyewe, Alhamisi mchana. Ndoa ilikuwa baada ya isha, nyumbani kwa Khawla. Ruqaya aliwasha hita ya bafuni, akatandika nguo zake kitandani, na karibu yake akaweka zawadi aliyomnunulia Hatem: kanzu mpya, nyeupe, na kishada chake kolani. Alikuwa na furaha, furaha ya kweli iliyomjaa mpaka vidoleni. Maji yalikuwa hayajapata moto. Akaimba kidogo. Atampelekeaje mume kanzu kavukavu isiyo na harufu?

Mkaa ulikuwa umeshika na moshi unapanda ndani ya kanzu ndipo alipokumbuka.

Alikimbia bafuni na nguo zake mwilini, akajifungia, akafungua bomba. Na katika kelele za maji alisikia, kule mlango wa mbele ambao yeye hakuufungua, ndara zikivuliwa kwa adabu, pea moja, halafu ya pili, halafu ya tatu, akasikia nguo mpya ikivaliwa chumbani, kile kitambaa kilichopigwa pasi kikichakarika mabegani, na nyayo za watu watatu zikija ukumbini bila ya haraka, zikasimama nje ya mlango wa bafu, na harufu ya udi ikapita chini ya mlango ikamfika miguuni.

"Nnamrejea mke wangu," ilisema ile sauti ya upole. "Shuhudieni."

"Tumeshuhudia," zikajibu mbili.

Maji yalikuwa yakimwagika juu ya mkono wake. Ruqaya aliyatazama, na hakuweza kujua kama ni ya moto au ya baridi.

Mezani simu iliita, ikaita, ikanyamaza. Alifunga bomba. Akajifuta mikono, akafungua mlango, akaenda jikoni kuwatengea kahawa, maana nyumbani kulikuwa na wageni.