Ruta Ndani ya Kabati la Chuma

Ofisi yao ina vyumba viwili, na korido katikati. Chumba cha mbele anakaa mume, mhasibu wa maduka ya mtaani. Chumba cha nyuma anakaa mkewe, mkalimani. Yeye huwasaidia wagonjwa wasioijua lugha ya daktari wao. Daktari yuko kwake, mgonjwa yuko kwake, na mke yuko kwenye kompyuta kati yao, akisikia lugha hii na kuitoa kwa lugha ile.

Majirani wamembandika mume jina la Bwana Kufuli. Siku moja mwizi aliingia ofisini akaondoka na ruta, kile kisanduku kinachorusha waifai. Tangu hapo mume hufunga kila kitu. Hata sukari ya chai ina ufunguo. Ruta mpya aliiweka ndani ya kabati la chuma chumbani mwake, pamoja na sukari hiyo, na ufunguo ukakaa mfukoni mwake.

Chumba cha mbele mtandao ulikuwa unakwenda. Chumba cha nyuma picha iliganda na sauti ikakatika. Kulikuwa na bibi mmoja aliyepasuliwa tumbo. Mara mbili simu yake ya video ilikatika pale pale daktari alipomuuliza kama ana swali. Kampuni iliyompa mke kazi haikuzungusha maneno. Ilimwambia simu ya bibi ikikatika tena, kazi atapewa mwingine.

Mume alidhani intaneti yao ni ndogo. Akalipia kifurushi kikubwa zaidi. Hali ikabaki vile vile.

Ndipo mke akamwita jirani wa ghorofa ya juu, fundi wa mitandao. Watu humwita Mama Nyaya. Alipoingia aliuliza ruta iko wapi. Mume akalionyesha kabati.

"Shemeji," Mama Nyaya alisema, "imefanya kosa gani hadi ukaifunga jela?"

Mume hakucheka, lakini ufunguo aliutoa.

Mama Nyaya alifungua kabati, akasimama karibu na ruta na kupima kasi kwa simu yake. Ilikuwa nzuri. Akafunga kabati, akatembea polepole hadi chumba cha nyuma huku akipima. Kasi ilishuka, ikashuka, na nyuma ya ukuta ikawa karibu haipo kabisa.

"Intaneti inayoingia hapa inatosha," alisema. "Umenunua maji mengi zaidi, shemeji, lakini bomba bado umeliziba."

Akawaeleza kwamba waifai husafiri hewani kama mawimbi ya redio. Mbao huipunguza kidogo tu. Ukuta mnene huipunguza sana. Chuma huizuia. Ruta inataka kukaa katikati ya ofisi, juu, mahali pa wazi, mbali na makabati ya chuma. Na humo ndani ilikuwa inapata joto bure.

"Na mwizi je?" mume aliuliza.

"Aliingilia wapi?"

"Dirisha la korido."

"Basi tia nondo kwenye dirisha. Kabati hili lina magurudumu. Akija tena atalisukuma lote, akupunguzie na sukari."

Sasa mke ndiye aliyecheka, na mume akashindwa kujizuia.

Fundi wa madirisha alikuja akatia nondo. Mama Nyaya akavuta waya mrefu hadi kwenye korido na kuifunga ruta kwa skrubu, juu ya milango. Akapima tena chumba cha nyuma. Kasi ilitosha. Alisema kama isingetosha, wangeongeza kisambazaji cha pili cha waifai kilichounganishwa kwa waya. Hapakuwa na haja.

Siku ya simu ya bibi, mke alifunga mlango na kuvaa vipokea sauti. Bwana Kufuli alisimama kwenye korido akizikodolea macho taa za ruta.

Daktari akaeleza dawa na kidonda. Kisha akauliza kama bibi ana swali. Mke alifasiri. Picha haikuganda.

"Muulize, mwanangu," bibi alisema, "nitambeba lini mjukuu wangu? Kila siku ananinyooshea mikono, nami naogopa."

Daktari alisema asimnyanyue bado, mpaka atakapopimwa tena. Lakini akiwa amekaa, anaweza kuwekewa mtoto mapajani, mbali na kidonda. Mke alifasiri neno kwa neno. Bibi akamwita mtu, na mtoto akaletwa, akawekwa mapajani pake, wote wakiona.

Wakaagana taratibu. Daktari alitoka kwanza, kisha bibi, na mke akazima kompyuta kwa mkono wake mwenyewe.