Tochi Inayokaa Vizuri Mfukoni

Harufu ndiyo iliyotangulia. Tangu Mukonyo afike kutoka Ngoliba kumsaidia mkaza mwanawe mjamzito, nyumba ya mwanawe Mutisya kule Mugutha ilinuka utambi wa taa uliozimwa, ingawa nyumba yenyewe ilikuwa na stima.

Mutisya alikuwa mlinzi wa ghala la kahawa Ruiru. Kila jioni, akipokezana zamu na mwenzake Gachau, walimulika ukuta mweupe wa ghala kulinganisha tochi zao, kama watoto wanaolinganisha viatu vya Krismasi. Ya Mutisya ilikuwa fupi na nene, mwanga wake wa manjano kidogo, na kila kitu kilionekana kwa rangi yake halisi. Ya Gachau ilikuwa nyembamba, yenye kibanio cha mfukoni, ila duara lake ukutani lilikuwa na ukijani wa maji ya mboga ya sukuma. Mutisya alilicheka hilo duara kila siku.

"Wee, cheka tu," Gachau alimjibu. "Hiyo yako ni ya kuvunjia mawe. Angalia vile suruali inaanguka!"

Hata mama yake, Mukonyo, alimwambia hivyo nyumbani. "Tafuta nyembamba, mwanangu. Hiyo itakuvua suruali mbele ya watu."

Mutisya alikuwa mwanamume wa kujipenda. Akanunua kama ya Gachau, ile nene akaiacha kwenye koti nyuma ya mlango. Ukijani aliuona siku za kwanza tu. Jicho huzoea, na kazini alimulika kufuli na magunia, si nyuso za watu.

Nyumbani mambo yakachacha. Kucha zilikwaruza ndani ya ukuta. Dianah, mkewe, aliamka na alama za meno tumboni.

"Mutisya, kuna kitu kinanusa mtoto," alinong'ona. "Hata kuomba kunanishinda."

Mutisya akamkimbilia mama mmoja wa maombi kule Kiandutu.

"Jini limevaa mmoja wenu," yule mama wa maombi alisema kwa sauti ya chini. "Stima zikipotea, wamulike usoni. Mwenye nalo ngozi itakuwa kijani. Mtoe nje, ufunge. Asirudi ndani kabla ya asubuhi, hata akilia."

Stima zilipotea jioni hiyo hiyo, Mutisya akiwa hana zamu, mvua ikinyesha. Tochi nyembamba ilichomoka mfukoni bila kukwama hata kidogo. Akammulika mkewe. Uso wa Dianah ulikuwa kijani.

Alimkamata mkono, na mwanamke yule, aliyekwisha kumchagulia mtoto jina, akapiga magoti, akashika mguu wa meza, akalia kwamba ni yeye, amulike tena, aangalie vizuri, naye Mutisya akambandua vidole kimoja kimoja, akamburuta na tumbo lake hadi mvuani, akapiga komeo.

"Mutisya, fungua! Mtoto anaskia baridi! Ni mimi, Dianah wako!"

"Usifungue, mwanangu," mama yake alinong'ona gizani.

Hakufungua, mjinga yule. Alimsikia Dianah akipapasa ukuta kuelekea kwa majirani, njia inayopita kando ya timbo la mawe lililojaa maji, naye hana hata kiberiti. Kikaja kilio kifupi, halafu ikabaki mvua.

Akageuka kumliwaza mama yake, akammulika. Naye alikuwa kijani. Akamulika kiganja chake mwenyewe. Kijani. Akamulika ukuta aliopaka chokaa kwa mikono yake, na pale akaliona duara la maji ya sukuma.

Alirukia koti, akatoa tochi nene, akaiwasha. Ukuta ukarudi mweupe, kiganja chake kikarudi cha mtu. Akauelekeza mwanga kwa mama yake.

Mukonyo alikuwa kijani hadi kwenye meno. Alikuwa anatabasamu, na harufu ya utambi ikajaa chumba.

"Zima hiyo," alisema kwa upole. "Ile nyembamba ndiyo inakukaa vizuri mfukoni."